Hatukumuuliza Minza

Mwanangu Kabula,

Umekwenda Mirongo kumuaga mjomba wako, na najua hutarudi upesi, maana kaka yangu akianza kuaga huaga na ukoo mzima pamoja na waliokwisha kufa. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimenawa mikono mara mbili kwa sabuni na bado karatasi inanuka mafuta ya samaki. Utanisamehe. Mtu anayeshinda kwenye karai anakaanga mapanki, mifupa tunayoachiwa na viwanda minofu ya sangara ikishapanda ndege, hawezi kuandika barua yenye harufu nzuri.

Sitaandika habari ya chandarua, wala ya kuchemsha maji ya kunywa, wala ya namna ya kumsalimia mwalimu mkuu. Hayo nimekuambia mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nimechoka kuyasema na wewe umechoka kuyasikia. Nataka kukuandikia habari ya ule mzigo mwingine uliopewa Jumapili, ambao haukuingia begini.

Unakumbuka ilivyokuwa. Mjomba wako aliisoma barua yako ya kupangiwa shule ya kufundisha, akairudia, akavua miwani akatuangalia sote tuliokaa sebuleni kwake. Sijauona uso wake uking'aa vile tangu kiwanda cha kuchambua pamba kilipofungwa akarudishwa nyumbani. Akasema, "Mnaona? Shule zote za mkoa huu, za visiwani na za bara, mtoto huyu kapangiwa ile ya kijijini kwao Minza. Hii siyo serikali. Huu ni mkono wa Mungu." Ndipo akakutuma. Ukifika umtafute Minza, umwambie mume wake amevunjika paja na amelala, mama mkwe amechoka kumhudumia, na yeye bado ni mke wetu kwa sababu ng'ombe wetu wa mahari hawajarudi. Umlete. Masanja, huyo mume mwenyewe, alikuwa pale pale sebuleni kwenye kitanda walichomtandikia, na mguu wake juu ya mito, akageukia ukutani. Wifi yangu akasema Amina. Wazee wa kanisa waliokuja kukuombea wakasema Amina. Na mimi nikasema Amina, kama mtu anavyoitikia marahaba huku mawazo yako sokoni.

Tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Nimewahi kupata ishara kama hiyo mimi, Kabula. Ndiyo iliyomleta Minza kwetu.

Wewe unamjua Minza kama wifi yako aliyekusuka nywele pale Mirongo, aliyekuwa akikuficha nyuma ya kanga yake ukivunja kikombe. Unajua aliondoka. Umesikia watu wakisema alikuwa na miguu mirefu, hatulii kwa mume. Nataka usikie kutoka kwangu alivyokuja, kwa sababu nilimleta mimi, na wewe ulikuwepo ingawa ulikuwa hujaanza shule.

Ilikuwa zile siku ambazo hela ilikuwepo na vitu havipo, tofauti na sasa ambapo vitu vimejaa mpaka barabarani na hela ndiyo imejificha. Kaka yangu alikuwa mtu mkubwa kiwandani. Aliniita akasema, "Dada, Masanja amekua. Nikienda mimi kuangalia mabinti nitarudi nimeangalia ng'ombe. Wewe ndiye shangazi yake, wewe ndiye mwenye jicho. Nenda ukatutafutie." Akanielekeza vijiji vya upande wa Magu, kando ya ziwa, ambako marehemu baba yetu alikuwa na jamaa.

Niliogopa, na siyo uoga wa kujidai. Kumchagulia mtu mke siyo kumchagulia kitenge, kwamba kikichuja utakifanya tambara la kupangusia meza. Nikikosea, nitaambiwa mpaka nizeeke. Na wakati huo nilikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, nimelowana na mahubiri kuanzia nywele mpaka kwenye kisigino. Mhubiri mmoja mgeni alikuwa ametusimulia habari ya yule mtumishi wa zamani aliyetumwa na bwana wake nchi ya mbali kumtafutia mwanawe mke, akasimama kisimani jioni, akamwomba Mungu amwonyeshe binti kwa alama: atakayempa maji, na ngamia zake pia. Nilitoka kanisani siku ile najiona nimepewa dawa. Kumbe kilichonifurahisha, nimekuja kukijua baadaye sana, ni kwamba yule mtumishi hakubeba lawama. Alama ilichagua, yeye akaleta. Mimi nilitaka kazi kubwa kama ile nisiwe na mkono ndani yake.

Tukapanda basi, mimi na wewe. Tulishuka jua limekuwa kali, tukatembea mpaka ufukweni ambako wanawake walikuwa wakichota na kufua. Wewe ulikuwa unalia, mchanga umekuunguza nyayo. Ngamia sikuwa naye, nilikuwa na wewe. Nikasimama pale nikafumba macho nikasema kimoyomoyo, "Ee Bwana, binti atakayenipa maji ya kunywa, na bila kuambiwa akamhudumia na huyu mtoto wangu, huyo ndiye."

Sijafika Amina, msichana mmoja akatua ndoo yake. Akapiga goti. "Shikamoo mama." Akanichotea kwa kata, akasubiri nimalize, akaniongezea. Kisha akakuchukua akakukalisha juu ya jiwe akakuosha miguu, anakutania kwa Kisukuma mpaka ukacheka. Maji ya ndoo nzima akayamaliza kwako. Mwili ulinisisimka, mwanangu. Nikasema, Mungu wa ajabu, hata Amina hukuningoja.

Leo najicheka, na ni kicheko cha mtu aliyechoka. Hebu niambie, ni binti gani wa Kisukuma aliyelelewa ambaye angemnyima maji mama mgeni mwenye mtoto anayelia? Angekuja yeyote kati ya wale waliokuwa pale, angefanya vilevile. Angepita bibi kizee asiye na meno angenipa maji, na kwa ishara yangu ile ingenipasa kumposea Masanja. Niliomba Mungu anionyeshe kwa jambo ambalo kila mtu wa pale hulifanya kila siku, halafu nikashangaa kwamba limefanyika.

Lakini siku hiyo sikujua kucheka. Nilimfuata mpaka kwao. Nilipokelewa na kaka zake, vijana wavuvi waliorudi kutoka kambini siku ile ile. Mama yao alikuwa ndani, sauti yake tu ndiyo ilitoka kunikaribisha. Niliambiwa miguu yake haina nguvu. Nikamsalimia kupitia mlangoni, nikampa pole, nikageukia mazungumzo. Minza akaleta chai. Nilimtazama anavyoshika kikombe, nilimtazama anavyotembea, nikamtazama na meno alipotabasamu. Sikumuuliza neno. Wala sikumuuliza yule mama wa ndani. Kaka zake walipenda habari ya ng'ombe, nami nilipenda habari ya ishara, tukaelewana haraka kuliko inavyotakiwa watu kuelewana kwa jambo kama lile.

Niliporudi nyumbani, marehemu baba yako alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza vizuri, na machozi juu. Akauliza, "Na binti mwenyewe amesemaje?"

Nikamjibu, "Baba Kabula, Mungu ameshasema. Binti aseme nini tena?"

Baba yako hakuwa mtu wa kubishana. Alinyanyuka akaenda kufunga mbuzi. Ningempa nini leo anyanyuke tena aniulize swali lile mara ya pili.

Baadaye, nikiwa nimeshaumia, nilikwenda kuisoma ile habari mwenyewe, taratibu, kwa kidole. Mbele kidogo, baada ya alama na zawadi na furaha, ndugu wa yule binti wanasema tumwite, tumuulize mwenyewe. Na wakamuuliza kama atakwenda, naye akasema atakwenda. Ipo pale pale, Kabula. Mhubiri labda aliisema. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga safari kichwani, sikungoja mwisho. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa nawafundisha watoto wa kanisani methali hiyo kila Jumamosi.

Minza akaolewa. Hakulia siku ya harusi kuliko mabibi harusi wengine wanavyolia, na sisi tukasema ameridhika. Alikaa vizuri pale Mirongo. Masanja hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo siyo mtu mbaya. Ni mtu anayesubiri kuambiwa. Hawakujaliwa mtoto, na majirani hawakukosa la kusema. Lakini jambo lililowaudhi kaka na wifi yangu ni lile la kutoroka. Kila baada ya muda Minza huyo, amekwenda kwao, bila ruhusa, na kanga moja. Anakaa siku kadhaa, anarudi, anaomba msamaha kwa magoti, mwezi haujaisha amekwenda tena. Mwishowe kaka akaniambia, "Ulimleta wewe kwa maombi. Mfuate wewe kwa maombi hayo hayo."

Nikaenda peke yangu. Nilimkuta njiani anapandisha kutoka ziwani, ndoo kichwani, shingo imenyooka. Alinipigia goti na ndoo yake ile, maji hayakumwagika hata tone.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Minza, sisi tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, shangazi."

"Sasa mbona unatuaibisha? Mumeo analala njaa, wewe uko huku unachota maji kama msichana asiye na kwake."

Akatua ndoo. Kisha akaniambia, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "Shangazi, siku ile ulipofika na Kabula, yale maji nilikuwa nampelekea mama. Kaka zangu wanakaa kambini. Mama anashinda pale alipolala mpaka mimi nirudi. Siku ile niliwapa ninyi, nikarudi kuchota mengine, nikachelewa. Nilimkuta amejaribu kutambaa kuufuata mtungi. Mtungi ulikuwa mtupu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Nimekuandikia maneno yake kama yalivyotoka. Kwa miaka yote hii sijayaongezea wala kuyapunguza. Alikuwa akienda kujaza mitungi ya mama yake, Kabula. Anajaza yote iliyopo nyumbani, anawaomba majirani, anarudi kwa mumewe mpaka mitungi iishe. Majirani nao wana mama zao. Hiyo ndiyo miguu mirefu waliyokuwa wakiisema watu.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo ninapochoka zaidi. Kwamba sikujua siku ya kwanza, naweza kujisamehe nikijitahidi. Lakini siku hii ya pili nilijua. Nilikaa kitandani kwa yule mama, nikamwona kwa macho yangu, mwembamba, msafi, mtu mwenye utani mwingi ingawa hawezi kuinuka. Akaniambia, "Wewe ndiye uliyekunywa maji yangu?" akacheka. Nami nikacheka. Na kesho yake nikamchukua Minza nikarudi naye Mwanza.

Unaweza kuuliza ni roho ya namna gani. Nilijiuliza mimi mwenyewe ndani ya basi, Minza ameegemea dirisha mbele yangu. Nilijua lililo sawa ni kumwacha pale, au kumchukua na mama yake waje Mirongo, au kumwambia kaka yangu ukweli. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima nikaitoa ile habari kama ushuhuda. Watu walipiga vigelegele. Kama ningesema nimekosea, ingekuwa kama ninasema Mungu amekosea. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kumbe niliyekuwa ninamlinda hakuwa Mungu. Mungu hakuhitaji kulindwa na mwimba kwaya. Niliyekuwa ninamlinda ni mimi, nimejifunika jina lake kama mtu anavyojifunika gunia mvua ikinyesha.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Ziwa lilirudi nyuma, njia ya kuchota ikawa ndefu, majirani wakapunguza kwenda. Mama yake Minza alikufa. Kama alikufa kwa kiu au kwa ugonjwa aliokuwa nao sijui, na sikuthubutu kuuliza. Minza alipata habari akiwa kwa mumewe, anachuja tui la nazi la wali wa wageni wa kaka yangu.

Nilikwenda matangani. Alinipokea kama wageni wote. Akapiga goti, akasema shikamoo shangazi, akanipa uji kwa mikono miwili. Hakunitukana, hakuninyima. Ningeona afadhali angenimwagia ule uji. Tulipoondoka baada ya kuanua matanga, yeye hakupanda basi, na mimi kwa mara ya kwanza sikumwambia apande. Hakurudi tena. Kaka zake walikuwa wameshaoa kwa ng'ombe wetu, wakashindwa kuwarudisha, na hapo ndipo mjomba wako anaposimamia mpaka leo akisema ndoa ipo.

Baada ya hapo niliacha kuomba kwa muda. Ulikuwa mdogo, hukutambua. Nilikwenda kanisani, niliimba, lakini nikipiga magoti nyumbani nilikuwa nayasikiliza magoti tu yanavyouma. Niliogopa kumwomba Mungu njia, kwa sababu nilijua nina uwezo wa kuisikia sauti yangu na kuiita yake. Nadhani wengi wetu tuko hivyo siku hizi, tangu viwanda vifungwe na kila mtu aambiwe ajitafutie. Mji mzima unatafuta ishara. Mama Shija, jirani yetu, alijikwaa mbele ya kibanda kitupu akakikodi siku hiyo hiyo akasema ameonyeshwa. Ungeangalia vizuri ungeona alikuwa anakitaka kile kibanda tangu mwaka jana, na lile jiwe lilikuwepo tangu dunia iumbwe.

Niliporudi kuomba, nilirudi kwa sababu ya jambo dogo. Unakumbuka wanawake wa pale sokoni Mkolani waliponichagua niamue nani apewe ile sehemu moja ya kivulini. Walioitaka walikuwa wengi na wote wana haki. Wakaniambia, "Mama Kabula, wewe ni mtu wa Mungu, omba utuambie." Nilipiga magoti nikasema, "Bwana, sitaki ishara. Nisaidie nisimpite mtu." Sala yenyewe iliishia hapo. Nikaamka nikaenda kwa kila mmoja nyumbani kwake. Nilikaa, nilikunywa uji wao, niliuliza. Ilinichosha mno, miguu ilivimba. Hakuna mbingu iliyofunguka. Lakini nyumba ya mwisho nilimkuta mwenzetu mmoja, ambaye hata hakuiomba ile sehemu, anamfunika mtoto wake mgonjwa kwa kitambaa kibichi kwa sababu siku nzima anashinda naye juani. Wote nilipowaambia, walikubali apewe yeye. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi kama mtoto.

Sina la kukufundisha zaidi ya hilo, na wala hilo silijui vizuri. Ninachojua ni kwamba nilipoomba alama, nilipewa sababu ya kuacha kuangalia. Nilipoomba nisimpite mtu, nililazimika kuangalia. Labda Mungu hutuongoza kwa kutuchosha miguu. Labda ana njia nyingine kwa watu wengine, mimi nimepewa hii.

Sasa turudi kwa mjomba wako na mkono wake wa Mungu. Siwezi kusema Mungu hahusiki na wewe kupangiwa kijiji kile. Mimi ni nani? Inawezekana amekupeleka yeye. Lakini akikupeleka, nani alimwambia mjomba kwamba kazi aliyokutuma ni ile ile mjomba anayoitaka, ya kumletea mtu wa kumgeuza mgonjwa na kumsafisha? Mbona Mungu akisema nasi husema kila mara kwa faida ya nyumba yetu? Huenda amekupeleka ukawafundishe watoto wa kule kusoma, basi. Huenda amekupeleka ukae na Minza jioni mkachambua dagaa, umsaidie, usimtake chochote. Sijui. Nakuambia sijui kwa sababu nimeona gharama ya kujifanya ninajua.

Na Masanja ninamhurumia, usinielewe vibaya. Ni mtoto wa kaka yangu, nimembeba mgongoni. Ijumaa niliyompelekea supu aliniambia, "Shangazi, Minza asiletwe kwa ajili ya mguu. Siku nikiweza kusimama nitakwenda mwenyewe, hata akinifukuza." Nilimuuliza kwa nini hayasemi hayo kwa baba yake. Akasema, "Nitayasemaje, na wameshaomba?" Unaona tunavyofungana midomo kwa maombi, mwanangu.

Ukimwona Minza, na utamwona maana kijiji chenyewe ni kidogo, mpe salamu zangu kama atazipokea. Ukiamua kumpa na ule ujumbe, mpe wote. Mwambie nani kautuma na kwa nini, mwambie mguu ukoje, mwambie na maneno ya Masanja. Usimwambie Mungu amesema. Usimtajie habari ya wewe kupangiwa pale kama muujiza. Muulize atakwenda au hatakwenda, kisha unyamaze, umpe muda wa kusema, hata kama muda wenyewe ni mwaka. Akisema hapana, hiyo hapana iwe jibu kamili. Usirudi kuiombea ibadilike.

Nilidhani barua inaishia hapa. Nilikuwa nimeshaikunja niitie kwenye begi, chini ya nguo, uisome ukiwa umefika. Nimeikunjua.

Kabula, Jumapili wakati mjomba anakutuma ulikuwa umekaa pale chini unachambua mchele. Aliposema jina la Minza mkono wako ulisimama kwenye ungo. Ulisimama kitambo. Nilikuona. Halafu ukaendelea kuchambua, na watu wakasema Amina, na mimi nikasema Amina. Siku zote hizi nimekushonea, nimekufungia mizigo, nimekupikia. Nimekuandikia kurasa hizi zote juu ya mwanamke ambaye hakuulizwa. Na wewe hujaulizwa. Hata na mimi.

Kazi ya ualimu ni yako, uliitaka, uliisomea. Ninaongelea huu ujumbe. Unataka kuubeba? Huna lazima. Una miaka yako, una watoto wa watu wanaokungoja darasani, na Minza alikuwa wifi yako uliyempenda. Labda hutaki kumwendea kama tarishi wa watu waliomchosha. Au labda unataka, kwa sababu zako ambazo mimi sizijui. Nitakubali lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo barua hii siiweki begini. Ninaiweka juu ya kitanda chako, uisome leo ukirudi. Mimi nipo uani na moto wangu. Njoo, vuta kigoda, ule kwanza, halafu uniambie. Ukisema hapana, kesho basi likishaondoka Buzuruga nitakwenda Mirongo mwenyewe kumwambia kaka yangu, na kelele zake zitanikuta mimi.

Sitasema Mungu amesema. Nitasema nilimuuliza mwanangu, akakataa.

Mama yako